Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa halmashauri za Mwanza: darasa linapendeza, mtoto hasikii

Kwa wakurugenzi wa halmashauri zote nane za mkoa wa Mwanza, pamoja na wahandisi na maofisa elimu wenu.

YAH: NYUZI ZA MIMEA KWENYE DARI ZA MADARASA

Waheshimiwa, poleni na kazi.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule moja ya msingi upande wa Ilemela, si mbali na ziwa. Nimefundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa miaka kumi na sita. Barua hii naiandika nikiwa na kipande cha tangawizi mbichi shavuni, kwa sababu leo ni Alhamisi na sauti yangu huwa haifiki Ijumaa.

Nianze na imla. Mwezi wa tatu, siku ya jua, bila tone la mvua, niliwasomea watoto sentensi tano. Ya tatu ilikuwa "Dada anapika." Nilipokusanya madaftari nikakuta waliokaa mbele wameandika sawasawa, ila kuanzia dawati la nne kurudi nyuma imeandikwa "Dada anapita." Mmoja kaandika "Dada anafika." Nikadhani wametazamiana. Kesho yake nikamwomba mwenzangu asome yeye, mimi nikaenda kukaa dawati la mwisho, magoti yakigusa kidevu, penseli mkononi kama mtoto. Akasoma, nami nikaandika: "Mama amechoka sokoni." Nikaridhika kabisa, maana hata maana yake inakubali. Alichosoma ni "Mama ametoka sokoni."

Tangu siku hiyo nimeacha kuwakosesha watoto imla kwa wepesi.

Darasa lenyewe ni jipya. Wazazi wakija kwenye kikao wanalipiga picha. Dari la jipsamu jeupe, sakafu ya marumaru, madirisha ya alumini, kuta zimepigwa lipu mpaka zinang'aa. Nchi yetu imejenga sana miaka hii. Mwaka 2021 peke yake yalijengwa madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO, kila moja kwa shilingi milioni 20, na sisi tuliowahi kufundisha watoto wamekaa chini ya mwembe hatuwezi kulibeza hilo. Ninacholalamikia ni kidogo na kina dawa. Kila kitu kilichomo humo ndani ni kigumu na kimelainishwa, na sauti ikigonga kitu kigumu na laini inarudi ilikotoka. Inagonga ukuta wa pili, inarudi tena. Ukipiga kofi moja katikati ya darasa tupu, kofi linaburuta mkia kama pikipiki inayopotea kwenye kona.

Anayeumia na mkia huo ni konsonanti. Vokali ina nguvu, inakaa hewani. P, t na k ni cheche tu, zinawaka na kuzima ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Na Kiswahili chetu karibu kila silabi inaishia na vokali, kwa hiyo kila konsonanti inazaliwa ndani ya mkia wa vokali iliyoitangulia. Mtu mzima anajaziliza kwa mazoea: akisikia nusu ya neno, kichwa kinamalizia. Mtoto wa miaka sita aliyekua akiongea Kisukuma, au Kikerewe, au Kijita, anasikia neno "anapika" darasani labda kwa mara ya kwanza likiwa limesimama peke yake. Atajaziliza kwa kutumia nini?

Ongezeni na masikio yenyewe. Katika kila darasa nililowahi kushika hakukosekana mtoto mwenye sikio linalotoa usaha, ambaye nyumbani anaitwa mkaidi kwa kuwa haitiki akiitwa.

Tatizo hili halikuanzia Ilemela. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ndani ya jengo la Fogg, mzuri wa kutazama, na wasikilizaji hawaambulii kitu. Kazi akapewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akiwa na miaka 27. Usiku wa manane, mji ukishatulia, alikuwa akibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani wa Sanders Theatre, anaipanga, anapuliza bomba la kinanda, kisha anapima kwa saa sauti inachukua muda gani kufa. Asubuhi mito imerudishwa. Ukumbi mtupu ulishikilia sauti kwa sekunde 5 na nusu. Kwa mito hiyo akapata kanuni ambayo wahandisi wenu waliisoma, hata kama hawajaigusa tena tangu chuoni: chukua ujazo wa chumba kwa meta, zidisha kwa 0.161, gawa kwa uwezo wa vyote vilivyomo chumbani wa kunyonya sauti, na jibu ni sekunde ambazo sauti inachukua kufa.

Najua neno "unyonyaji" limebeba mzigo mzito tangu Azimio la Arusha. Hapa, ndugu zangu, unyonyaji ndio tunaoutafuta.

Nilikwenda na futi nikapima. Darasa letu ni meta 9 kwa 7, kimo meta 3, kwa hiyo ujazo ni 189. Kuta, sakafu na dari kwa jumla ni meta za mraba 222. Saruji, marumaru na jipsamu iliyopakwa rangi vinanyonya kama asilimia 3 tu ya sauti ya mwalimu. Pigeni hesabu: chumba kitupu, madirisha yamefungwa, mvumo unakaa sekunde 4 na nusu, si mbali sana na ule ukumbi wa Fogg. Watoto wakiingia hali inapungua, kwa kuwa mwili na sare navyo vinanyonya. Nikiweka watoto 60 na kumkadiria kila mmoja kuwa sawa na meta za mraba 0.3 za dirisha lililo wazi, ambalo sauti ikitoka hairudi, tunashuka hadi sekunde 1.2. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kelele wa mwaka 1999, lilipendekeza takribani sekunde 0.6 kwa darasa. Yaani tukiwa tumebanana namna ile bado tuko mara mbili ya kiwango.

Sasa funikeni nusu ya dari, meta za mraba 30 hivi, kwa kitu kinachonyonya asilimia 70. Mvumo unashuka hadi 0.67. Kuta haziguswi, sakafu haibomolewi.

Kitu hicho kinaweza kuwa nini? Wauzaji watawaletea makatalogi ya sufu ya kioo na sponji za kuagiza nje. Siwazuii kuyasoma. Lakini kinachonyonya sauti ni vitundu: hewa inayotetemeka inaingia kati ya nyuzi nyembamba, inasuguana nazo, nguvu yake inageuka joto kidogo mno ambalo hata mkono hausikii. Nyuzi zikiwa za kioo au za mkonge, sauti haiulizi. Wamarekani huko Louisiana walikuwa wakitengeneza mbao za dari kutokana na makapi ya miwa tangu miaka ya 1920, na ziliuzwa kwa ajili ya kazi hii hii. Sisi miwa inasagwa Kagera, ng'ambo ile ya ziwa.

Bibi yangu wa Magu aliishi kwenye msonge wa nyasi mpaka alipofariki. Mvua ikinyesha usiku, ndani tuliisikia kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya pili. Alikuwa akisimulia hadithi kwa sauti ya kunong'ona, na watoto tisa tunamsikia. Simwombi mtu arudi kwenye nyasi. Namkumbuka tu kila nikitazama bati.

Huku kwetu nyuzi zimejaa. Mkonge umepandwa kwenye mipaka ya mashamba kote Usukumani, na katani yake kila mtoto aliyechunga ng'ombe amewahi kuisokota kamba. Pamba, hata tukiacha ile inayouzwa, ina nyuzi fupi zinazobaki mashineni, na mabua yake mkulima anatakiwa kuyang'oa na kuyachoma baada ya mavuno ili wadudu wasivuke msimu. Mafunjo na matete yako kila ghuba.

Halafu kuna gugumaji. Nendeni asubuhi yoyote kwenye mwalo ambao upepo umelisukumia, mchukue bua moja, lile lililovimba kama chupa chini ya jani, mlivunje. Ndani ni sponji. Vyumba vidogo vya hewa vimepangwa kwa ukuta mwembamba kama ngozi ya kitunguu, ndiyo sababu linaelea. Likikaushwa, linabaki jepesi kiasi kwamba gunia zima mtoto analibeba kwa mkono mmoja. Mmea huu asili yake Amerika ya Kusini, ukaonekana kwetu ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1998 ulikuwa umefunga bandari na mialo. Wataalamu wakaleta vifukusi wanaoula, nao wakasaidia sana. Haujaisha, na wavuvi wanajua.

Tulianza majaribio mwaka jana, mimi, fundi seremala mmoja ambaye ni mzazi, na mama mmoja anayesuka vikapu vya gugumaji. Fremu ya mbao za mbili kwa mbili, nyuma wavu, ndani mabua makavu yaliyochanwa na kuchanganywa na katani, mbele kitambaa cha gunia kilichovutwa vizuri. Unene sentimita 5. Tukazitundika chini ya dari tukiacha nafasi ya kiganja kati ya paneli na dari, maana nafasi hiyo ya hewa inasaidia paneli nyembamba kunyonya hata sauti nzito kidogo. Tulijaza chumba kimoja cha zamani ambacho sasa ni darasa la kwanza B.

Kundi la kwanza liliharibika, na nawaeleza ili msije mkaharibikiwa pia. Tulianika siku nne tukaona yamekauka. Bua la gugumaji ni maji karibu lote, kilo mia mbichi zinakuachia kilo chache tu kavu, na nje likikauka ndani bado lina unyevu. Wiki ya tatu paneli zilianza kunuka kama kitambaa cha kufutia meza kilichosahaulika. Tulipozifungua tukakuta ukungu wa kijivu, na mende wamehamia. Watoto wawili wenye pumu nilikuwa nimeshawahamisha. Tulizichoma zote. Safari ya pili tulianika kwenye chanja juu ya mawe, na mawe Mwanza hayatuishii, mpaka bua likawa linavunjika kwa mlio. Tukaloweka kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki, tukaanika tena. Dawa hiyo inazuia wadudu na ukungu, pia inapunguza kushika moto.

Moto ndilo swali ambalo mhandisi yeyote mwenye akili ataniuliza kwanza, na ana haki. Nyuzi za mimea ni kuni. Nje ya uwanja tuliwashia kiberiti kipande kisicholowekwa: kiliwaka kama paa la nyasi. Kilicholowekwa kilifanya weusi, kikafuka, kikazima. Hilo ni jaribio la walimu wawili na ndoo ya maji pembeni, si cheti. Ninachoomba ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipewe vipande likavipime kwa utaratibu wake kabla paneli moja zaidi haijatundikwa shule nyingine yoyote. Wakikataa, tutakuwa tumejua.

Mengine ya tahadhari nayapitia haraka. Tumieni mabua, acheni mizizi, kwa sababu mizizi ya gugumaji inakusanya metali nzito zilizomo majini. Anayeingia ziwani kuvuna avae mabuti marefu, kichocho hakijaondoka. Likauke mbali na maji, mbegu zake zinaishi miaka mingi kwenye tope. Na mtu yeyote akileta wazo la kulilima ili paneli zisikose malighafi, afukuzwe kikaoni. Mimi napenda zaidi katani, kusema kweli. Gugumaji tuliliweka kwa kuwa lipo na tunalipia kulitoa. Halmashauri zilizo mbali na maji, kama Kwimba, zisisubiri magari ya gugumaji. Zina mkonge na pamba.

Matokeo? Kofi sasa linakatika. Ndilo neno alilotumia mwanafunzi mmoja: "Mwalimu, kofi limekatika." Nasoma imla nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sauti ninayotumia kuongea na wewe mezani, na dawati la mwisho wanaandika. Lingine sikulitegemea: watoto wenyewe wamepunguza kelele. Kuna daktari Mfaransa, Étienne Lombard, aliyeonyesha mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele anapandisha sauti bila kujijua. Chumba kikivuma, mmoja anapandisha, jirani anapandisha zaidi, mwalimu anagonga meza kwa rula. Chumba kikitulia mashindano hayo yanakosa mshindi. Rula yangu sasa ni ya kuchorea mistari.

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Paneli hizi zinanyonya sauti iliyomo ndani, hazizuii ya nje. Baa ikifungua spika zake saa sita mchana, ule mdundo mzito utapita ukutani na kupita kwenye paneli bila kusalimia. Hiyo ni kazi ya kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, ambazo tunazo. Vilevile kuta za kugawa madarasa ambazo zimeishia kwenye dari bila kufika kwenye bati: jedwali la mara la darasa la tatu linaruka juu ya dari na kuwashukia darasa la kwanza. Dawa yake ni tofali. Pandisheni ukuta mpaka kwenye bati wakati fundi bado yuko saiti, ni mistari michache tu. Mvua juu ya bati nayo ni mzigo wake. Dari zito lenye matandiko ya nyuzi juu yake linasaidia, ila siwaahidi msonge wa bibi.

Trei za mayai kama zile za studio za vijana hazifai kitu, zinanyonya kidogo sana na zinawaka upesi.

Kuna jambo moja dogo ambalo litaua mradi wote mkilisahau. Rangi. Mwezi wa pili baada ya kutundika, ulikuja ugeni, na usiku wake fundi aliyepewa kazi ya kupendezesha shule alizipaka paneli nne rangi ya mafuta, nyeupe, zikafanana na dari. Alifanya kwa nia njema. Rangi iliziba vitundu vyote vya gunia na paneli zikawa ukuta. Kama mnataka rangi, gunia litiwe rangi ya kitambaa kabla ya kuvutwa kwenye fremu. Brashi isiguse. Naomba hili liandikwe kwa herufi kubwa kwenye mkataba, maana ugeni hauishi.

Ninachoomba basi. Kila halmashauri ichague madarasa mawili ya darasa la kwanza yanayofanana, moja lifungwe paneli, moja liachwe lilivyo, kwa mwaka mmoja wa masomo. Hayo ni madarasa 16 kwa mkoa mzima. VETA ya mafunzo ya ufundi na SIDO ya viwanda vidogo zipo hapa hapa Mwanza, wanafunzi wa useremala wanaweza kutengeneza fremu kama sehemu ya mafunzo yao, na kina mama wa vikapu walipwe kwa kazi yao kama mafundi wengine. Vipimo vya sauti vifanywe na watu wa chuo wenye vifaa, si kwa kofi langu. Ikifaulu, kipengele cha paneli kiingizwe kwenye BOQ, ile orodha ya vifaa na gharama za ujenzi, ya kila darasa jipya, kabla ya marumaru. Fedha zikibana, punguzeni marumaru. Mtoto hajifunzi kusoma kwa miguu.

Risiti zetu zote za mbao, gunia, misumari na boraksi ninazo kwenye bahasha, pamoja na hesabu ya siku za kazi. Gugumaji lilikuwa bure, kulikausha hakukuwa bure.

Atakayekuja kuangalia aje masomo yakiendelea, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, aombe kukaa dawati la mwisho. Akae kwanza darasa la kwanza A, aandike sentensi tano nitakazosoma, ndipo ahamie B. Penseli tutampa. Ufunguo wa B uko kwa mwalimu wa zamu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa darasa la kwanza, Ilemela